Nimesoma silabusi mara tano, nikapata 6 kwa 20

"Jambo mwalimu. Niko L1, mwaka wa kwanza wa chuo, hapa Bukavu, na mwaka huu tuna biolojia ya jumla. Sekondari nilisoma pedagojia, si biolojia-kemia kama wenzangu wengi. Kabla ya intero ya kwanza, yaani jaribio, nilisoma silabusi (kitabu cha maelezo ya somo) mara tano, nikapiga mistari ya rangi mpaka kurasa zikafanana na kitenge. Usiku wa mwisho sikulala. Nikapata 6 kwa 20. Osmosi niliijua, lakini waliiuliza kwa njia nyingine. Mitosi na meyosi, zile namna mbili za seli kugawanyika, nilizichanganya kabisa. Kifaransa cha silabusi nacho kinanichosha. Wenzangu wanasema biolojia ni ya wenye kichwa cha kukariri, na kaka yangu anayenilipia minervali, yaani ada ya masomo, anauliza kama nihamie fakulte nyingine kabla pesa haijapotea. Nifanye nini?"

Mdogo wangu, jambo. Kinachokuuma, nikikusoma vizuri, ni kwamba ulitoa jasho na jasho halikulipa. Mtu asiyesoma akipata 6 anajua sababu. Wewe ulisoma mara tano, kwa hiyo unaanza kushuku kichwa chako. Kiache kichwa kwanza. Kwenye barua yako naona namna ya kusoma isiyofaa kwa somo hili, na naona pengo la kemia kutoka sekondari. Yote mawili yanatengenezeka. Hilo la kuhama tutalifikia, lakini intero moja haitoshi kulijibu.

Wenzako wana haki kidogo tu. Yapo ya kukariri: majina ya sehemu za seli, hatua za mgawanyiko, herufi nne za ADN, molekyuli ya urithi. Ila profesa akikuuliza "nini kitatokea tukibadilisha hiki?", kukariri kumefika mwisho. Biolojia ya mwaka wa kwanza ni somo la safari: maji yanatoka wapi kwenda wapi, kaboni inaingilia wapi na kutokea wapi, kromosomu, yaani kifurushi cha ADN, inaelekea upande gani. Anayejua safari hujibu swali hata likigeuzwa. Anayejua sentensi hujibu pale tu sentensi yake ikiitwa kwa jina.

Sasa tuone kwa nini mara tano hazikukusaidia. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi makala fupi ya kisayansi. Kundi moja liliisoma katika vipindi vinne. Kundi lingine liliisoma kipindi kimoja, kisha katika vipindi vitatu likaandika kila linalokumbuka bila kuiona. Baada ya dakika tano, waliosoma tu ndio waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40, na wale walioandika kwa kichwa walikumbuka asilimia 61. Tena waliosoma tu ndio waliotabiri kwamba watakumbuka zaidi.

Ukisoma ukurasa mara ya pili, maneno yanapita kwa wepesi, na ubongo unauchukua wepesi huo kuwa ni kujua. Ni kama mtu unayempita kila siku pale Nyawera: sura unaijua vizuri, lakini ukiulizwa jina lake na kwao, huna la kusema. Ndani ya ukumbi wa mtihani hakuna sura ya kutambua. Kuna karatasi nyeupe, na kazi ya kulivuta jibu kutoka ndani. Kazi hiyo hukuifanya hata mara moja kabla ya siku yenyewe. Halafu ukanyima ubongo usingizi, na usingizini ndimo kumbukumbu za mchana zinapotiwa mizizi. Mkesha huo ulikuondolea pointi, usiurudie.

Basi soma hivi. Siku ile ile ya somo, au kesho yake, soma sehemu moja tu ya silabusi, kurasa nne au tano. Funga. Chukua karatasi tupu, uandike na kuchora unachokumbuka kwa dakika kumi na tano, hata kama ni mistari sita. Utahisi mjinga, endelea, maana ugumu huo ndio unaojenga. Kisha fungua, na kwa kalamu ya rangi nyingine jaza ulichosahau na kufuta ulichokosea. Hiyo rangi ya pili ndiyo ramani yako. Siku ya tatu anza na karatasi tupu tena, ukiangalia hasa mahali palipokuwa na rangi nyingi. Kisha siku ya saba, kisha baada ya wiki tatu. Mara nne za namna hii hazifiki saa mbili kwa sehemu moja, na hazihitaji umeme wala simu. Ile mistari ya rangi kwenye silabusi iache. Inapendeza macho tu.

Tuje kwenye osmosi, kwa sababu hapo ndipo ulipojiona umeonewa. Nunua kiazi mviringo kimoja sokoni Kadutu. Kimenye, kata vipande viwili vya urefu wa sentimita 5 kwa rula, unene wa sentimita 1. Glasi mbili, kila moja mililita 200 za maji. Katika moja koroga vijiko viwili vidogo vya chumvi vilivyojaa, nyingine iache. Tia vipande, subiri saa mbili, kisha pima. Cha maji matupu kitakuwa kigumu, pengine kimerefuka milimita moja au mbili. Cha chumvi kitalegea mpaka kikunjike, na kitakuwa kimefupika.

Molekyuli za maji hupita utando wa seli kwenda na kurudi wakati wote. Chumvi haipiti kwa urahisi, na pale ilipo inafanya maji huru yawe machache. Kwa hiyo yanayotoka upande wenye maji huru mengi yanazidi yale yanayorudi, na tofauti hiyo ndiyo tunayoiita osmosi. Hakuna kinachovuta, wala maji hayajui chumvi iko wapi. Ukiandika kwenye karatasi kwamba "maji yanataka kusawazisha", asistanti mkali wa profesa atakukata pointi, naye atakuwa na haki.

Sasa ongeza kipande cha tatu. Kichemshe dakika tano kwanza, kiache kipoe, ndipo ukitie kwenye maji matupu. Hakitakakamaa kamwe. Moto umeharibu utando, na bila utando wenye kuchagua hakuna osmosi. Ukilielewa hilo umeshajibu maswali mengi kwa mkupuo. Kwa nini makayabo, samaki wa chumvi, hayaozi haraka? Chumvi inaziondolea bakteria maji. Kwa nini seramu ya hospitali, maji ya dripu, ina gramu 9 za chumvi kwa lita? Kwa sababu chembe nyekundu ya damu haina ukuta. Ukiitia kwenye maji matupu inavimba na kupasuka, ukiitia kwenye chumvi kali inasinyaa. Kwa nini seli ya kiazi haikupasuka kwenye maji matupu? Ina ukuta wa selulosi unaoizuia. Nadhani swali lililokuja "kwa njia nyingine" lilikuwa moja kati ya haya.

Mitosi na meyosi zinahitaji mikono, si macho. Nenda kwa fundi wa nguo umwombe uzi mwekundu na uzi wa buluu. Kata nyuzi nane: ndefu nne za sentimita 10, mbili nyekundu na mbili buluu, fupi nne za sentimita 5, vilevile mbili kwa mbili. Nyekundu zimetoka kwa mama, buluu kwa baba. Seli yako ina kromosomu nne: nyekundu ndefu, buluu ndefu, nyekundu fupi, buluu fupi. Anza kwa kuweka uzi mmoja mmoja tu mezani, yaani nyuzi nne. Kisha fanya kile seli inachofanya kabla ya kugawanyika: kila uzi uletee nakala yake yenye rangi na urefu ule ule, uzifunge pamoja katikati kwa fundo. Fundo ndilo sentromeri. Nyuzi mbili zilizofungwa ni kromatidi mbili za kromosomu moja.

Simama hapa kidogo, maana hapa ndipo wengi wanapoanguka. Sasa una nyuzi nane, lakini kromosomu ngapi? Nne. Kromosomu huhesabiwa kwa mafundo. Mwanadamu mwenye kromosomu 46 akishanakili ADN yake bado ana 46, ila kromatidi ni 92. Mwanafunzi akishakosa hesabu hii, kila kinachofuata kinaonekana uchawi.

Mitosi: panga mafundo manne kwenye mstari mmoja katikati ya meza, moja nyuma ya jingine. Fungua kila fundo, uzi mmoja uende kushoto, pacha wake kulia. Kila upande umepata nyuzi nne zile zile ulizoanza nazo. Seli mbili, zote sawa na mama yao. Ndivyo ngozi inavyoziba kidonda.

Meyosi: rudisha mafundo manne. Safari hii usiyapange kwa mstari mmoja. Weka nyekundu ndefu uso kwa uso na buluu ndefu, na nyekundu fupi uso kwa uso na buluu fupi. Kabla hazijaachana, kata ncha ya uzi mmoja mwekundu na ncha ya uzi mmoja wa buluu wa jozi ile ile, ubadilishane. Ndiyo maana mtoto hurithi mchanganyiko hata ndani ya kromosomu moja. Kisha zitenganishe jozi bila kufungua mafundo. Kila upande una mafundo mawili: idadi imeshashuka nusu, hapa hapa, katika mgawanyiko wa kwanza. Mgawanyiko wa pili ndio unaofungua mafundo, kama mitosi. Mwisho una seli nne, kila moja na nyuzi mbili, moja ndefu na moja fupi.

Rudia, lakini geuza jozi moja: nyekundu ndefu upande wa kushoto, nyekundu fupi upande wa kulia. Seli za mwisho zitakuwa nyingine. Kwa jozi mbili kuna michanganyiko minne. Kwa jozi 23 za mwanadamu ni 2 kwa kipeo cha 23, yaani 8,388,608, hata kabla ya kubadilishana ncha. Fanya zoezi hili mara tatu ukisema kwa sauti kinachotokea, kwa Kiswahili au Mashi au lugha yoyote inayokuja. Mara ya nne lichore bila nyuzi.

Umelalamikia Kifaransa. Sehemu kubwa ya kinachokuchosha si Kifaransa hata kidogo, ni Kigiriki na Kilatini kilichovaa koti la Kifaransa, na mwenzako aliyekulia Paris angechoka vilevile. Dawa yake ni kuyavunja maneno. *Hydro* ni maji, *lyse* ni kuvunja, *glyco* ni sukari, *cyto* ni seli, *photo* ni mwanga, *endo* ndani, *exo* nje, *phago* kula, *hyper* kuzidi, *hypo* kupungua. Mizizi thelathini hivi itakufungulia mamia ya maneno. Andika mzizi upande mmoja wa kikaratasi, maana upande wa pili, ujipime njiani.

Kisha lifunge neno kwenye kitu unachokijua. *Hydrolyse* ni kuvunja kwa maji, na muhogo mchungu unaifanya kila siku. Ndani ya seli zake, kwenye vakuoli (mfuko wa ndani wa seli), kuna linamarini, sukari iliyobeba sumu ya sianidi. Kimeng'enya cha kuivunja, linamarasi, kimekaa mbali nayo, kwenye ukuta wa seli. Muhogo ukiloweshwa na kupondwa, kuta zinabomoka, viwili vinakutana, linamarini inavunjwa, na sianidi inatoka kama gesi au inaenda na maji. Mtu akiuchemsha mzima moja kwa moja, moto unaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini yenyewe inastahimili moto. Kwa mfano mmoja umepata vakuoli, ukuta wa seli, kimeng'enya, na kuharibika kwa kimeng'enya kwa joto.

Kuna Kifaransa kingine kidogo ambacho lazima ukijue barabara: kitenzi cha swali. *Citez* inataka majina tu. Ukieleza unapoteza muda. *Décrivez* inataka kinachoonekana, hatua kwa hatua. *Expliquez* inataka sababu, kwa hiyo jibu lisilo na "kwa sababu" ndani yake halijajibu. *Comparez* inataka yanayofanana na yanayotofautiana, kigezo kwa kigezo. Aliyeandika aya moja ya mitosi na aya moja ya meyosi hajalinganisha chochote. Chukua karatasi yako ya intero uangalie ni pointi ngapi zilikwenda kwa kosa hili. Huenda ukashangaa.

Kuhusu kupumua kwa seli, mambo mawili tu, kwa sababu mtafika huko karibuni. Kaboni unayoitoa puani ilitoka kwenye chakula. Oksijeni uliyovuta inaishia kwenye maji, mwisho kabisa wa mnyororo wa elektroni. Na hesabu ya ATP, sarafu ya nishati ya seli, kwa glukosi moja: silabusi za zamani zinasema 36 au 38, vipimo vya sasa vinaelekea 30 hadi 32, kwa sababu nishati kidogo hupotea kwenye utando wa mitokondria. Kwenye mtihani andika ya profesa wako, ila usigombane na mwenzako aliyesoma nyingine. Usikubali pia hadithi kwamba mimea hupumua usiku tu. Inapumua mchana na usiku. Mchana usanisinuru, yaani kutengeneza sukari kwa mwanga, unaifunika tu.

Pengo la pedagojia ni la kweli, na ni la kemia kuliko biolojia. Tafuta kitabu cha kemia cha miaka ya juu ya sekondari, uchukue mada tano: atomu na ioni, kifungo cha kovalenti, kifungo cha hidrojeni na sababu ya maji kuwa na ncha mbili, mole na ukolezi, pH. Mada moja kwa siku mbili au tatu, na mazoezi yake. Wiki mbili zinatosha kuanza kuelewa protini inajikunja vipi na kwa nini mafuta hukataa maji. Mwenzako aliyetoka biolojia-kemia anaweza kukueleza mole kwa saa moja. Nawe umweleze jinsi ya kufundisha, hilo umelisomea.

Usidharau TP, mazoezi ya maabara. Pointi zake ni rahisi na zinapotea kwa uzembe. Kwenye mikroskopu anza daima na lenzi ndogo, ya kukuza mara 4 au 10, upate picha, ndipo uende 40. Ukifika huko gusa skrubu ndogo peke yake, kwani ile kubwa itavunja kioo. Ukuzaji ni lenzi ya jicho mara lenzi ya chini: 10 mara 40 ni 400. Ukiwa umechora seli ya kitunguu yenye urefu wa milimita 60, na yenyewe ina milimita 0.3, mchoro wako umekuza mara 200, hata kama uliitazama kwa 400. Wengi huandika 400 na kupoteza pointi.

Sasa kaka yako na minervali. Mwambie ukweli: kuhama sasa kunagharimu zaidi ya kubaki mpaka mwisho wa semesta. Fakulte nyingi utakazofikiria zina biolojia; ukikimbilia agronomia, uuguzi au mifugo utaikuta imekutangulia mlangoni. Ukienda sheria au uchumi utaikwepa, lakini iwe ni kwa kuzipenda. Ningekushauri hivi: fuata njia ya karatasi tupu kwa wiki sita, tengeneza kemia, ufanye intero inayofuata. Ukipanda hadi 9 au 10, uko njiani, na sesheni ya pili, ya kurudia mitihani, ipo. Ukibaki kwenye 6 baada ya wiki sita za kazi ya namna hii, na ukaona pia kwamba hakuna sura hata moja ya silabusi inayokuvutia, kuhama ni uamuzi wa heshima, na kaka yako ataelewa hesabu hiyo.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyatibu. Kama herufi za ubaoni zinacheza au kichwa kinauma kila ukisoma, pima macho kabla ya kununua kitabu kingine. Kama una homa zinazorudi, nenda kituo cha afya. Malaria na masomo haviishi nyumba moja. Kama usingizi umekataa kwa wiki mbili, chakula hakipiti, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, usingoje mtihani uishe: mwambie leo mtu unayemwamini, akusindikize kwa daktari au mshauri.

Kwa mengine, nenda kwa asistanti wiki hii ukiwa na karatasi yako ya intero. Usiingie na "sielewi biolojia". Hana pa kuanzia. Ingia na mchoro wako wa nyuzi, uweke kidole mahali ulipokwama, umwambie: mpaka hapa nimefika, hapa fundo limefunguka na sijui kwa nini.